Jozi moja ya barabara kwanza

Swali: "Assalaam alaykum Mwalimu. Mimi ni mwanamke wa miaka 36, nasomesha skuli ya msingi, uzito wangu kilo 76, nakaa fleti za Michenzani. Nilianza mazoezi na kikundi chetu cha mtaani baada ya siku ya mazoezi kitaifa ya tarehe 1 Januari. Sasa nakimbia na jirani yangu siku 3 kwa wiki, tukishamaliza sala ya alfajiri, kupitia Maisara na Kilimani kuelekea Mazizini, kama kilomita 5 kwenda na kurudi. Siku 2 nyengine naenda jimu, dakika 20 za tredimili, ile mashine ya kukimbilia, halafu vyuma. Navaa raba nyeupe za ngozi alizonipa mdogo wangu. Magoti yameanza kuniuma kwa mbele nikishuka ngazi. Dukani nimeambiwa nina mguu bapa na nahitaji jozi 3: ya njiani, ya mashine na ya jimu. Nina shilingi 150,000. Ninunue nini? Mtumba unafaa? Na viatu vyangu vikichakaa naweza kumpa mwanangu wa miaka 12?"

Waalaykum salaam, dada yangu. Nimefurahi umeniandikia kabla hujaitoa hiyo pesa. Wengi huniletea viatu wakiwa wameshavinunua, na hapo msaada wangu huwa mdogo sana.

Nunua jozi 1 ya kukimbilia, iliyotengenezwa kwa barabara ya lami. Hiyo hiyo utaivaa kwenye tredimili. Kwa vyuma tafuta raba bapa za turubai, zile za soli ya mpira tulizovaa skuli, ambazo bei yake haitakuumiza, au tumia bapa zozote ulizonazo nyumbani. Jozi 3 huzihitaji.

Nimefikaje hapo? Nimehesabu hatua zako. Mtu wa mwendo wako hupiga kama hatua 160 kwa dakika. Tuseme kilomita 5 unazimaliza kwa dakika 38, hizo ni hatua zaidi ya 6,000, na kwa siku 3 zinafika kama 18,000. Tredimili, dakika 20 mara 2, ni hatua 6,400. Kwenye vyuma labda unachuchumaa na kuinuka mara 100 kwa wiki, na miguu yako haiondoki sakafuni. Kwa hiyo robo tatu ya mapigo yote ambayo miguu yako inayapokea inatoka barabarani. Na pigo la kukimbia si dogo: kila mguu unapotua, ardhi inausukuma kwa nguvu ya mara 2 au zaidi ya uzito wako, yaani kilo 150 na ushee kwako wewe, juu ya mguu mmoja. Kiatu kinachaguliwa kwa ajili ya mahali mguu unapofanya kazi yake kubwa, na kwako mahali hapo ni lami ya Kilimani.

Hizo raba nyeupe za ngozi nazijua. Ziko kila mtaa, na ni viatu vizuri kwa kazi nyengine. Umbo lake limetokana na viatu vya mpira wa kikapu: soli nzito, ngumu kukunjika, ngozi isiyopitisha hewa. Mchezaji wa kikapu huruka, husimama ghafla na kwenda upande kwa upande, kwa hiyo anahitaji kiatu kinachomshika. Wewe unakwenda mbele tu, mara 6,000, katika joto letu na unyevu wetu, na kila hatua unabeba uzito usiohitajika. Zivue kwenye mbio. Harusini na matembezini zitaendelea kukupendeza.

Sasa tukikate kiatu cha kukimbilia tukione kwa ndani. Chini kuna mpira unaogusa lami. Juu yake kuna sponji nene, soli ya kati, na hiyo ndiyo roho ya kiatu. Juu kabisa ni kitambaa cha wavu kinachoshika mguu. Kwa miaka mingi sponji hiyo imekuwa ikitengenezwa kwa EVA, aina ya plastiki, nyepesi na ya bei nafuu, na bado ndiyo utakayoikuta kwenye viatu vingi vya kukimbilia vya kila siku. Muuzaji atakuonyesha rangi na atakukunjia kiatu mbele ya macho yako. Wewe mtazame sponji. Iminye kwa kidole gumba pembeni ya kisigino: inatakiwa ibonyee kidogo na irudi. Ikiwa ngumu kama ubao, iache. Ikiwa laini kama godoro, mguu ukazama, iache pia, maana mguu unaozama hutumia nguvu nyingi kujituliza kabla ya kuondoka tena.

Kitu chengine cha sponji ni tofauti ya kimo baina ya kisigino na mbele. Viatu vingi vya kila siku huwa baina ya milimita 6 na 12, na vipo vilivyo bapa kabisa. Kisigino kikiwa juu zaidi, kazi kubwa huelekea kwenye goti. Kikiwa chini zaidi, kazi hushuka kwenye shavu la mguu na ile kano ya nyuma ya kisigino. Kwa magoti yanayolalamika kama yako ningependa kiatu cha milimita 8 hivi, si 12, na kwa vyovyote vile si 0. Nimeona watu waliohama ghafla kutoka kiatu cha kukimbilia chenye kisigino kilichoinuka kwenda bapa. Goti lilinyamaza, kano ikaanza kuuma, na kano ikishauma haiponi haraka.

Habari ya mguu bapa. Kwa miaka mingi ilikuwa kama sheria: lowesha wayo, kanyaga karatasi, itazame alama, kisha upewe kiatu kulingana nayo. Mwenye wayo bapa hupewa kiatu chenye sponji ngumu upande wa ndani ili mguu usilale, na mwenye wayo ulioinuka hupewa laini. Ilisikika na akili, na mimi mwenyewe nilikuwa nikiifundisha. Halafu jeshi la Marekani likaijaribu kwa wanafunzi wake wa mafunzo ya mwanzo, maelfu ya watu: kundi moja likapewa viatu kwa umbo la wayo, kundi jengine likapewa viatu vya aina moja bila kutazama wayo. Majeraha hayakupungua kwa waliochaguliwa kwa wayo. Baada ya hapo niliacha ile karatasi.

Mguu kulala ndani kidogo unapotua ni namna ya maumbile ya kupunguza pigo, si ugonjwa. Kama umeishi miaka 36 na mguu wako bapa na haujakusumbua, huna sababu ya kulipia kiatu cha kuurekebisha. Kinachosaidia kuchagua ni raha ya mguu. Benno Nigg, mtafiti wa mwendo wa binadamu wa Calgary nchini Kanada, ndiye aliyelitilia mkazo wazo hili: mguu ukikuta kiatu kinachouruhusu kwenda njia yake ya kawaida, mtu huhisi raha, na hiyo raha ni habari ya kuaminika kuliko maelezo ya kwenye boksi. Kwa hiyo ukimsikia mtu anakwambia "kitalainika ukishakizoea", kirudishe. Kiatu cha kukimbia hakihitaji kuzoewa. Kinafaa tangu dakika ya kwanza au hakifai.

Kupima ndiko kunakoharibu watu wengi, kwa hiyo hapa nitakaa.

Nenda dukani jioni baada ya Alasiri. Asubuhi mguu ni mdogo, jioni baada ya kusimama darasani kutwa nzima umevimba kidogo, na hivyo ndivyo unavyovimba ukikimbia kwenye joto. Vaa soksi zile zile utakazokimbilia. Kabla ya kutoka nyumbani, weka karatasi sakafuni ikigusa ukuta, simama juu yake na kisigino kikigusa ukuta, jirani yako apige mstari penye kidole kirefu kuliko vyote (si lazima kiwe gumba). Pima kwa rula, miguu yote miwili, na uchukue kipimo cha mguu mkubwa. Halafu ukifika dukani, achana na namba 39 na 40, kwa sababu namba 40 ya kampuni moja si namba 40 ya nyengine. Fungua ulimi wa kiatu, tafuta kilebo, humo mna kipimo cha sentimita. Mguu wako ukiwa sentimita 24.5, anza kujaribu chenye 25.5. Ukisimama wima, baina ya kidole kirefu na ncha ya kiatu pawe na nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono.

Nafasi hiyo watu huiona kubwa mno, nami hupata shida kuwashawishi. Kwa hili Pemba imenisaidia. Unguja mjini tunakimbia tambarare, hatujui mteremko. Niliwahi kwenda na vijana Chake Chake, tukafanya mazoezi kwenye vile vilima vya huko, panda shuka, panda shuka. Vijana wawili walikuwa na viatu vilivyowakaa "sawasawa", kidole kimegusa mbele kidogo tu. Siku ya pili walikuwa na kucha nyeusi, na mmoja ukucha wake uling'oka. Kwenye mteremko mguu hutelezea mbele ndani ya kiatu kila hatua. Kwa hiyo jaribio langu ni hili: ukishavifunga, tafuta ngazi au kizingiti kirefu, shuka mara kadhaa kwa nguvu. Kidole kikigonga, panda nusu namba. Kisigino kikichomoka, kwanza tumia lile tundu la mwisho la kamba ambalo wengi huliacha wazi: pitisha kamba ndani yake ifanye kitanzi kila upande, vusha kamba ya upande wa pili ndani ya kitanzi, kaza. Kisigino hutulia bila kubana vidole. Kikiendelea kuchomoka baada ya hapo, kiatu si chako.

Na upana. Sisi tuliokua peku na kwa ndara, wengi wetu mguu umetanuka mbele. Viatu vya kike hutengenezwa vyembamba: upana wa kawaida wa mwanamke huandikwa B, wa mwanamume D, na hiyo D ndiyo inayohesabiwa kipana kwa mwanamke. Maana yake ni nini kwako? Kama kila kiatu cha kike kinakubana penye kidole kidogo, usiongeze namba ili upate upana. Utapata urefu usioutaka. Muombe muuzaji kiatu cha kiume chenye sentimita zile zile. Rangi hutaipenda labda, lakini mguu utashukuru. New Balance, Brooks na ASICS hutengeneza pia vipana zaidi, vya 2E, ingawa kuvikuta hapa kwetu kunataka subira.

Ukipata kinachokaa, toka nje ya duka ukimbie hatua 20. Si kutembea, kukimbia. Muuzaji mwenye heshima atakuruhusu.

Tuje kwenye shilingi 150,000. Majina ya viatu vya kila siku unavyoweza kuvitafuta ni kama Nike Pegasus, ambacho kipo tangu miaka ya 1980, Brooks Ghost, ASICS Gel-Cumulus, Saucony Ride na New Balance 880. Vyote ni vya kazi moja: kilomita nyingi za mwendo wa wastani kwenye lami. Toleo jipya hutoka karibu kila mwaka, na lile la nyuma yake hushuka bei bila kupungua ubora wa maana. Ukipata toleo la miaka 2 nyuma, jipya na la kweli, ndani ya pesa yako, chukua.

Usipolipata, nakwambia wazi msimamo wangu: mtumba mzuri ni bora kuliko kopi mpya. Anayetengeneza kopi huiga kinachoonekana, yaani nembo, rangi na mshono. Sponji haionekani, basi humo ndimo anamobania. Utapata kiatu kinachong'ara na soli ngumu ndani yake. Dalili zake ni harufu kali ya gundi, uzito wa ajabu, kilebo cha ulimi kisicho na sentimita au chenye maandishi yasiyolingana na boksi, na kiatu kinachokunjika katikati. Mguu wa binadamu hukunjika penye mizizi ya vidole. Kiatu cha kweli hukunjika hapo hapo.

Mtumba nao una macho yake. Kiweke juu ya meza, kaa nyuma yake, kitazame kwa usawa wa jicho: kikiinamia upande mmoja, sponji imeshalala kwa mguu wa mwenyewe wa kwanza, na itaulaza wako. Angalia pembeni mwa soli ya kati. Mikunjo mingi iliyolala kama mistari ya daftari maana yake imeshakandamizwa na haitarudi. Geuza chini: mpira ukiwa umelika mpaka sponji inaonekana penye kisigino, kiache hata kama juu kinang'ara, maana kusafisha juu ni kazi ya dakika 10. Ingiza mkono ndani upapase nyuma ya kisigino kama kitambaa hakijatoboka. Halafu tafuta tarehe. Baadhi ya kampuni huandika mwezi na mwaka wa kutengenezwa kwenye kilebo, na mimi vya zaidi ya miaka 5 siviangalii mara ya pili.

Tarehe ina sababu, na niliilipia. Niliwahi kuletewa jozi mpya kabisa kutoka ng'ambo, nikaipenda mno, nikaiweka kwenye boksi chini ya kitanda nikiisubiri siku maalumu. Ikakaa miaka. Siku nilipoivaa nilikimbia mpaka Migombani tu. Soli ilianza kumeguka vipande vipande kama mkate mkavu, na nilirudi nyumbani nimeishika mkononi. Sponji ile ilikuwa ya poliurethani, aina nyengine ya plastiki, na poliurethani ina adui mmoja mkubwa: unyevu. Maji yaliyomo hewani huingia taratibu na kuikata minyororo ya kemikali inayoishikilia, hata kama kiatu hakijavaliwa, tena joto huiharakisha kazi hiyo. Hebu fikiria hewa yetu ya masika, nguo zinaota ukungu kabatini. EVA haimeguki namna hiyo, lakini gundi inayoibandika huachia kwa joto. Kwa hiyo kiatu cha kukimbia si dhahabu ya kuweka. Kinunuliwe kivaliwe.

Na kivaliwe mpaka lini? Kipimo kinachotumika sana ni kilomita 500 hadi 800. Kwako, kilomita 15 za barabara na kama 5 za tredimili ni 20 kwa wiki, kwa hiyo jozi mpya itakuchukua wiki 25 mpaka 40. Andika tarehe ya kuanza kwa kalamu ndani ya ulimi. Mtumba mzuri mpe nusu ya hapo.

Tredimili haina mengi. Ukanda wake unapita juu ya ubao unaobonyea kidogo, hauna mawe, hauna mteremko wa pembeni, kwa hiyo unakisamehe kiatu kuliko lami. Ndiyo maana viatu vya barabara vilivyoanza kuchoka vinaweza kumalizia maisha yake juu ya mashine. Joto tu ndilo kubwa zaidi, kwa kuwa upepo wa kukupoza haupo, na wavu mwepesi juu ya mguu unasaidia. Jambo moja la adabu: futa soli kabla ya kupanda. Mchanga wetu ukiingia chini ya ukanda unausaga, na mashine ya jimu ni ya watu wote.

Vyuma ni habari nyengine kabisa, na hapa hiyo sponji tuliyoitafuta kwa bidii inageuka kuwa tatizo. Ukiweka chuma mabegani ukachuchumaa, unataka kusukuma ardhi, na sponji inameza sehemu ya nguvu yako, tena inameza kwa upande: kisigino kinayumba, goti linaingia ndani. Jaribu kusimama juu ya mto na mtoto mgongoni, utaelewa. Raba bapa za turubai zina soli nyembamba ya mpira, unaihisi sakafu, na goti linajua liko wapi. Kwa kunyanyua chuma kutoka chini, jimu zikiruhusu, soksi peke yake zinatosha. Na kama siku hiyo kuna mazoezi ya kuruka upande kwa upande, yale ya muziki mnayoyapenda kinadada, usivae kiatu cha kukimbilia chenye sponji nene: kimetengenezwa kwenda mbele, na kifundo cha mguu hupinduka kirahisi ukiwa juu ya sponji ya sentimita 3 na ushee. Raba za turubai zile zile zitafaa, au zile nyeupe zako za ngozi. Hapo ndipo kwao.

Magoti yako sasa. Sitaki ununue kiatu ukidhani ni dawa. Maumivu ya mbele ya goti mtu anaposhuka ngazi, kwa aliyeanza mazoezi miezi michache iliyopita, mara nyingi hutokana na kuongeza kazi kwa haraka kuliko misuli ilivyoweza kufuata. Kwa wiki 3 punguza kila safari mpaka kilomita 3, ukipumzika katikati kwa kutembea. Ufupishe mwendo wa hatua: badala ya 160 kwa dakika, piga 168 au 170 kwa kasi ile ile. Hatua fupi hutua karibu na mwili, na goti hupunguziwa mzigo. Hili limepimwa na linafanya kazi hata kwa viatu vya zamani. Goti likivimba, likikwama, likikuachia ghafla au likiuma usiku umelala, nenda hospitali uonane na mtaalamu wa fiziotherapia, usisubiri kiatu.

Kuna jambo la njia yako pia. Bila shaka mnakimbia ukingoni, upande wa kulia, mkiyatazama magari yanayokuja, na ni sawa, hasa alfajiri kukiwa na kiza. Lakini lami imeinuliwa katikati ili maji ya mvua yateremke pembeni. Kwenda, mguu wenu wa kulia uko chini. Kurudi, mkihamia upande wa pili kuyatazama magari, mguu wa kulia uko chini tena. Kilomita 5 zote mguu mmoja ni kama mfupi kuliko mwenzake. Hakuna kiatu kinachorekebisha hilo. Siku moja kati ya 3 zungukeni viwanja vya Maisara, mnapita hapo hapo, ardhi ni tambarare na laini kuliko lami. Na goti linalouma likiwa ni la upande mmoja tu, anza kuchunguza hapo kabla ya kitu chengine.

Viatu vyenye sahani ya kaboni, yaani kibamba kigumu kilichofichwa ndani ya sponji, usihangaike navyo. Najua vinavutia tangu Eliud Kipchoge alipokimbia Vienna kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 mwaka 2019, na sasa karibu kila mshindi wa marathoni kubwa anavivaa. Vimetengenezwa kwa mtu mwepesi anayekwenda kwa kasi kubwa siku ya mashindano. Soli yake ni nene, vinayumba kwa mwendo wa taratibu, na sponji yake huchoka mapema.

Kuvitunza: ukirudi, fungua kamba, toa soli ya ndani, viweke penye upepo na kivuli. Jua la saa 7 mchana baraza la juu linaikausha gundi na kuifanya sponji ngumu, na ndani ya gari iliyofungwa ni vibaya zaidi. Masika vikilowa, vijaze magazeti makavu, badilisha baada ya saa 2 au 3, asubuhi vitakuwa vimekauka. Kuviosha ni kwa mkono, maji baridi, sabuni kidogo na mswaki wa zamani. Mashine ya kufulia hapana. Wenzetu wa Jambiani na Paje wanaokimbia ufukweni maji yakipwa, hasa wakati wa bamvua mchanga unapokuwa mgumu na mpana, wavisuuze kwa maji ya kisima siku hiyo hiyo, chumvi isikauke ndani ya mshono. Na soksi za pamba tupu tuziache: zinabeba jasho, mguu unalowa, vidole vinapata fangasi. Mchanganyiko wa nailoni au poliesta unakausha haraka. Mwakani Mungu akijaalia pesa, nunua jozi ya pili ya barabara, tofauti na ya kwanza, uvae kwa zamu. Watafiti wa Luxembourg waliona kuwa wakimbiaji wanaobadilisha jozi huumia kidogo kuliko wanaovaa moja siku zote, na kwetu kuna faida ya ziada kwamba jozi hupata siku nzima ya kukauka.

Mwanao usimpe viatu ulivyovichosha. Sponji iliyolala kwa uzito wa kilo 76 haitabonyea chini ya mtoto wa kilo 35, na imeshachukua umbo la mguu wako, yeye bado mifupa yake inakua. Kama viatu vyenyewe havijapatikana, muache akimbie peku kwenye nyasi za Maisara asubuhi ile mnayokwenda nyinyi, mkiwa mmeshapita mbele kutazama hakuna vigae vya chupa. Kipimo chake kichukue kwenye karatasi ile ile ya ukutani, na ukirudie kila baada ya miezi 3.

Ukishapata jozi yako, niandikie tena baada ya wiki 3 za zile kilomita 3, unieleze goti la upande gani na ngazi ya ngapi ndiyo inayoanza kuuma.